Fundi wa Aggrey aliyeuliza saa kabla ya kugusa diski

Nimekaa na hii rivyuu kichwani kama miezi minne, nilitaka kwanza nione kama kazi itashika ndio niandike, sasa imeshika. Ni kuhusu fundi mmoja wa laptopu pale Kariakoo, kibanda chake kiko ndani ya jengo mtaa wa Aggrey, na ni kuhusu tatizo ambalo naamini watu wengi wanaotumia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows) kwenye laptopu za mtumba wanalo, wanauziwa hadidiski mpya wakati hadidiski yao nzima kabisa.

Mi nina steshenari Sinza. Kuchapa, kutoa kopi, kujaza fomu za mtandaoni, wanafunzi wanaleta ripoti zao za fildi, basi kazi za hivo. Laptopu ya dukani inatumia Linux Mint na sababu ni moja tu, flashi za watu. Anayewahi kuwa na steshenari anajua, mteja anachomeka flashi moja asubuhi, mchana mafolda yote yameshageuka shotikati na kesho yake wateja wote waliochomeka baada yake wanarudi kulalamika. Tangu nihamie Linux hilo limeisha, kwa hiyo mtu akiniambia dawa ya laptopu yangu ni kurudi Windows mi naona ananirudisha kwenye moto niliokimbia.

Sasa kilichotokea. Laptopu yenyewe ya mtumba, betri kubwa ilishakufa muda mrefu nikaitoa kabisa, inakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Usiku nikifunga duka nazima kila kitu kwenye swichi ya ukutani, mashine ya kopi, printa, laptopu, kwa sababu ya usalama na pia luku inakwenda. Kuanzia mwezi wa pili hivi nikawa kila asubuhi nikiwasha inanionyesha maandishi meupe kwanza kwamba niangalie tarehe na saa, nabonyeza kitufe inaendelea, af badala ya kufika kwenye Mint inasimama kwenye skrini nyeusi, imeandika "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY", yaani kuna kitu hakiko sawa, kagua diski mwenyewe, na chini kabisa inakuachia neno (initramfs) na kimshale kinapepesa. Juu yake kidogo kulikuwa na mstari mwingine ambao mi nilikuwa siusomi, unasema "Superblock last mount time is in the future", yaani mara ya mwisho diski kufunguliwa ni muda ambao bado haujafika. Huo mstari ndio ulikuwa na jibu lote na mi nilikuwa naupita kila siku kwa sababu yale maneno ya chini ndio yanatisha.

Kijana wangu wa dukani alitafuta akapata kwamba ukiandika amri ya kukagua diski, fsck -y /dev/sda2, af ukaandika exit inawaka. Kweli inawaka. Ila kesho asubuhi iko vilevile. Kesho kutwa vilevile. Tukawa kila siku tunafungua duka saa moja na nusu lakini kazi inaanza saa mbili kasoro, wanafunzi wamesimama pale mlangoni na makaratasi mkononi, na kila siku roho iko juu kwamba leo ndio haitawaka, na ndani mle kuna kazi za watu za miaka mitatu.

Nikaipeleka duka moja mjini, jina naliacha. Wakaiwasha, wakaona skrini nyeusi, hawakusoma hata mstari mmoja, yule kijana akaniambia dada angu hii hadidiski imeshakufa, na hii Linux ndio inaiua, tukupigie Windows na SSD mpya. SSD 120,000, kupiga Windows 30,000, na kama nataka faili zangu waziokoe ni 150,000 nyingine juu. Laki tatu. Nikamuuliza umejuaje kama imekufa, akasema si inakwambia yenyewe kwamba haiko sawa. Nilikuwa karibu kutoa hiyo hela jamani, sio siri, kwa sababu ukishachoka unataka tu mtu akuondolee mzigo. Kilichoniokoa ni kwamba siku ile sikuwa nayo yote mkononi.

Ndio jirani yangu anayeuza vifaa vya simu akanielekeza kwa huyu wa Aggrey, akasema yule ukimpelekea kitu anakuuliza maswali kwanza. Nikachukua bajaji mpaka Shekilango, mwendokasi hadi Gerezani, kutoka pale unatembea kwa mguu kuingia kwenye mitaa. Kibanda chake ni kidogo, meza moja, taa ya kuinama, viyoo vya skrini vimepangwa ukutani, ukisimama mlangoni watu wanakugonga na mizigo. Usitegemee pa kukaa.

Na hapa ndio naanza kumsifia rasmi. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa Linux gani wala hadidiski ya ngapi. Aliuliza, dada hii usiku unaiacha kwenye umeme au unazima ukutani? Nikasema nazima ukutani. Akauliza, betri iko wapi? Nikasema nilishaitoa. Akauliza, Jumapili ukipumzika, Jumatatu inakuwa mbaya zaidi au kawaida? Nikasema ni vilevile tu kila siku. Akachomeka chaja akaiwasha, lakini kabla haijafika popote akaingia bayosi (ile skrini ya mipangilio ya mashine kabla ya Linux kuwaka), akageuza skrini kwangu akasema hebu soma tarehe. Ilikuwa imeandika tarehe 1 mwezi wa kwanza 2015, saa sita usiku na dakika zake chache.

Akasema hapa ndipo ugonjwa ulipo, diski hatujafika bado.

Nitaeleza alivyonieleza maana aliniambia kwa Kiswahili kizuri nikaelewa, na mi nina hakika ukielewa hili hakuna wa kukuuzia diski kwa uongo. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ambayo inatembea hata kompyuta ikiwa imezimwa, ina kijiwe chake kinachopiga mara 32,768 kwa sekunde moja, na inalishwa na kibetri cha duara kama cha saa ya mkononi, CR2032, volti 3. (Hizo namba nazo zina maana, 20 ni upana wake milimita 20 na 32 ni unene milimita 3.2, mi nilikuwa nadhani ni namba za kiwandani tu.) Kibetri kikifa, na umeme wa ukutani ukiwa umezimwa, na betri kubwa hamna, ile saa haina chakula chochote. Inalala. Ukiwasha asubuhi inaanza upya kutoka tarehe ambayo waliotengeneza mazabodi waliiweka, kila mazabodi na yake, yangu ni 2015.

Sasa upande wa diski. Faili za Linux yangu zimekaa kwenye mfumo unaoitwa ext4, na huo mfumo una ukurasa wake wa kwanza, ndio hiyo superbloku, kama daftari la mahudhurio, unaandika mara ya mwisho nilifunguliwa lini, mara ya mwisho niliandikwa lini, mara ya mwisho nilikaguliwa lini. Asubuhi kompyuta kabla haijafungua diski inamtuma mkaguzi, fsck, apitie. Mkaguzi anasoma kwenye daftari, mara ya mwisho kufunguliwa ni jana mwezi wa tatu mwaka huu. Anaangalia saa ya mazabodi, inasema leo ni 2015. Anajiuliza imekuwaje diski ifunguliwe kwenye siku ambayo haijafika? Hajui kama mwongo ni saa au ni daftari. Hawezi kuamua mwenyewe, kwa hiyo anakataa kupita anamwita mwenye nyumba. Na mkaguzi ana haki, mi namtetea kabisa, kwa sababu daftari la ovyo linaweza kuwa dalili ya diski iliyoharibika kweli.

Mi nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanisumbua, mbona ikishawaka sioni 2015, naona tarehe ya jana, na hata ankara mbili tatu nilizotoa asubuhi kabla sijawasha intaneti zilitoka na tarehe ya jana mpaka mteja mmoja wa ofisini akazirudisha? Akacheka kidogo akafurahi nimeuliza. Akasema ndani ya Linux kuna huduma inayohifadhi saa ya mwisho kwenye faili, mfumo ukiamka ikaona saa ya mazabodi imerudi nyuma sana inaisogeza mpaka pale ilipoishia, af intaneti ikiwaka inachukua saa ya kweli kutoka kwenye seva za saa. Sasa mbona hiyo huduma haimsaidii mkaguzi? Kwa sababu lile faili la kukumbuka saa liko ndani ya diski ileile ambayo mkaguzi bado hajaruhusu ifunguliwe. Funguo iko ndani ya nyumba iliyofungwa. Hapo nilielewa kabisa kwa nini tulikuwa tunazunguka, kila siku tunarekebisha, kesho yake asubuhi tunarudi palepale.

Baada ya hapo ndio akagusa diski, na alivyogusa ndio nilivyopenda. Hakukimbilia kurekebisha. Aliwasha kwa flashi yake yenye Linux, diski yangu ikiwa haijafunguliwa, akapima afya yake kwa smartctl, akanionyesha mistari miwili, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na sekta zinazosubiri kuhamishwa, zote sifuri. Akasema ingekuwa hii ya pili ina namba na inapanda, nisingeruhusu mtu apige fsck hata mara moja kabla ya kunakili diski nzima pembeni, maana fsck kwenye diski inayokufa inaandika juu ya kidonda. Af akaandika tune2fs -l akanionyesha lile daftari lenyewe, tarehe ya mwisho kufunguliwa na ya mwisho kuandikwa, nikaona kwa macho yangu. Diski ile waliyosema imekufa haikuwa na tatizo hata moja.

Halafu hapa alinionya kitu na mi nakipitisha kwenu kama kilivyo. Ile -y tuliyokuwa tunaandika kila asubuhi maana yake ni "ndiyo" kwa kila swali. Kwa swali la saa haina madhara, inabadilisha tu tarehe kwenye daftari. Ila siku ambayo kweli kutakuwa na uharibifu, utakuwa umeshazoea kuandika ndiyo bila kusoma, na faili zinaweza kuishia kwenye folda ya lost+found zikiwa na namba badala ya majina. Na kosa lingine kubwa ni kupiga fsck kwenye diski ambayo iko wazi inatumika, hiyo unaiharibu mwenyewe. Nilimwambia kijana wangu jioni ileile, kuanzia leo tunasoma kila mstari.

Akafungua laptopu. Kibetri cha laptopu yangu hakiko kwenye kishikio cha kupachika, kimefungwa kwenye plastiki na kina nyaya mbili nyembamba zinaingia kwenye soketi ndogo, ukienda duka la saa ukanunua CR2032 tupu haiingii, na wapo wanaochomelea nyaya kwa moto juu ya kibetri wakati kibetri cha lithiamu hakitakiwi kuchomwa hivo. Yeye alikuwa nacho chenye nyaya zake. Akapima cha zamani kwa mita, haikufika hata volti 1. Akapima kipya mbele yangu, kilikuwa juu kidogo ya 3. Hiyo ya kupima kipya mbele ya mteja naomba kila fundi aige, kwa sababu mtaani kuna vibetri vimekaa dukani miaka vimeshachoka kwenye pakiti. Soketi ilikuwa na kutu ya kijani kidogo, si unajua hewa ya Dar na chumvi yake, akaisafisha kwa spiriti na brashi, akasubiri ikauke.

Sehemu ya kuweka saa ndio ilinifungua macho kuliko zote, na sidhani kama ningeipata kwingine. Mi siku nyingine nilikuwa najitahidi, nikiona lile onyo la tarehe naingia bayosi naweka tarehe na saa mwenyewe. Siku hizo inawaka, lakini nikizima mchana nikawasha tena inatoa tena maneno kwamba muda uko mbele kwa chini ya siku moja, labda saa ya mashine imewekwa vibaya, inajirekebisha inaendelea. Nikawa naona kumbe basi hata nikiweka saa sawa bado ina shida, kwa hiyo nikaamini wale waliosema ni diski. Nikamwelezea. Akaniuliza, unaweka saa ngapi? Nikasema kama ni saa nne asubuhi naweka 10:00. Akasema hapo ndio unakosea na haukosei peke yako.

Linux inataka ile saa ya mazabodi isome saa ya dunia, UTC, sio saa yetu. Sisi Dar tuko masaa 3 mbele. Kwa hiyo saa nne asubuhi kwetu, ambayo simu inaandika 10:00, kwenye bayosi inatakiwa isome 07:00. Mi nilipoweka 10:00, Linux ikaamka ikaongeza 3, ikadhani ni saa saba mchana, ikaandika kwenye daftari la diski kwamba nimefunguliwa muda huo. Dakika chache baadae intaneti ikawaka, saa ikavutwa nyuma mpaka saa nne ya kweli, saa ya mazabodi nayo ikarekebishwa. Nikizima nikawasha kabla masaa 3 hayajapita, mkaguzi anakuta daftari linasema lilifunguliwa muda ambao bado haujafika. Kosa lilelile kwa mlango mwingine. Na akaongeza, wapo wateja wake ambao wanaandika saa ya Kiswahili kwenye bayosi, saa nne wanaandika 04:00, hao wanapotea kwa upande wao. Akanichorea kwenye karatasi safu tatu, saa tunayosema sisi, saa ya simu, saa ya bayosi: saa moja asubuhi, 07:00, 04:00. Saa sita mchana, 12:00, 09:00. Saa mbili usiku, 20:00, 17:00. Hiyo karatasi nimeibandika ukutani dukani kwangu.

Akasema pia kwa wale wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, Windows yenyewe inaandika saa ya hapa kwenye mazabodi, Linux inaandika ya dunia, wanavutana masaa 3 kila ukibadilisha. Inabidi uchague mmoja amfuate mwenzake, ama uiambie Windows itumie saa ya dunia ama uiambie Linux kwa timedatectl set-local-rtc 1 ikubali ya hapa, ingawa yeye anapendelea ya kwanza. Mi halinihusu lakini nimeliandika kwa sababu najua wapo wengi.

Baada ya hapo alimalizia haraka. fsck moja ya lazima kutoka kwenye flashi, ikapita safi, akawasha Mint, akahakikisha ukanda wa saa ni Africa/Dar_es_Salaam, akaunganisha intaneti ya simu yake, saa ikakaa, akaandika hwclock -w ili saa sahihi iandikwe kwenye mazabodi. Akaandika timedatectl akanionyesha mistari iko sawa. Af akachomoa chaja akaiweka laptopu pembeni nusu saa bila umeme wowote, anahudumia mtu mwingine, akarudi akaiwasha. Ikawaka moja kwa moja mpaka kwenye Mint, saa sahihi, bila neno lolote. Sikuwa nimeiona ikiwaka hivo kwa zaidi ya mwezi, nilifurahi kwa kweli.

Nilimuuliza kama kuna njia ya kuiambia fsck iache kuangalia saa, maana kijana wangu aliwahi kuona hiyo mahali. Akasema ipo, unaandika broken_system_clock = 1 kwenye faili la /etc/e2fsck.conf chini ya sehemu ya options, inakuwa haiiamini saa kabisa. Lakini hakuniwekea. Akasema hiyo ni ya vifaa ambavyo havina saa yenye betri kwa maumbile yake, kama zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4, pale huna la kufanya. Kwa laptopu yenye kibetri cha elfu kumi ni kumziba mkaguzi macho. Nakubaliana naye.

Bei: kibetri 10,000, ufundi 15,000. Jumla 25,000. Linganisha na laki tatu. Na angeweza kunipiga, nilikuwa sijui chochote, ningelipa hata laki.

Sasa nisiseme tu mazuri maana nataka mtu akienda ajue anaenda wapi. Aliniambia nije saa sita, nikafika saa sita, laptopu yangu akaigusa saa tisa. Masaa matatu nimesimama kwenye korido yenye joto, duka langu limefungwa. Ana kazi nyingi peke yake na anakubali kila anayekuja, hilo linamshinda na inabidi atafute msaidizi au awe anapanga watu. Simu hapokei akiwa kazini. Garantii alinipa ya mdomo, miezi mitatu, mi ningependa iandikwe. Na nilipofika nyumbani nikakuta skrubu moja ya chini haipo, sio kubwa lakini kwa fundi makini kama yule inauma. Nilipopita tena wiki ya pili yake alinipa bila maneno, akaomba radhi.

Nyota nampa 4 kati ya 5. Ile moja ni ya kusubiri.

Tangu hapo ni miezi minne, nazima ukutani kila usiku kama kawaida, nimeshafunga duka hata siku nne mfululizo wakati wa Idi, nikarudi ikawaka na saa yake. Kipindi cha mvua umeme ulikatika ghafla katikati ya kazi mara mbili, ilipowaka iliandika "recovering journal" af "clean", ikaendelea. Zamani ningeshtuka nikakimbilia fsck. Sasa najua hiyo ni ext4 inamalizia yale iliyokuwa imeandika kwenye jarida lake kabla umeme haujakatika, ni kazi yake ya kawaida, na haihusiani na saa. Kijana wangu naye akiona mstari mpya ananiita tuusome wote.

Wateja wangu wanne nimeshawatuma kwake. Mmoja hakuwa na tatizo la saa, diski yake kweli ilikuwa na sekta zinazosubiri zaidi ya mia, na fundi hakumficha, alimwambia asiwashe tena, akanakili kwanza kila kitu kwenye diski nyingine ndio wakaongea habari ya kubadilisha. Huyo alilipa zaidi, lakini picha za watoto wake zimepona.

Ukienda nenda asubuhi mapema kabla ya saa tatu, Jumapili hafungui. Shuka Gerezani, ingia Aggrey, ulizia fundi wa laptopu wa ndani kabisa mwa korido, wale wa simu pale mbele watakuonyesha. Beba chaja yako, na kabla hajauliza mwambie unazimaje mashine usiku na tarehe gani inaonyesha ukiwasha.